Pete za Zohali na Ufunguo wa Stoo

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamenizoea nikiandika juu ya bajeti, chaguzi na sheria zinazopitishwa usiku wa manane. Leo pia nitaandika juu ya usiku, lakini usiku wenyewe: giza, na vilivyomo ndani yake. Wanaoona kwamba mwalimu wa siasa hana haja ya kuhangaika na nyota naomba wanivumilie. Mbele kidogo nitafika kwenye mlango wa stoo ya serikali, na hapo tutakuwa tena katika mazungumzo yetu ya kawaida.

Nilipokuwa Cape Town kwa masomo ya uzamivu nilipanga chumba katika kitongoji kiitwacho Observatory. Kwa muda wa miezi kadhaa sikujiuliza jina hilo limetoka wapi. Nilijua tu kwamba kodi yake ilikuwa nafuu na treni ilipita karibu. Kumbe pale pale, juu ya kilima kidogo kilicho kati ya mito miwili, Liesbeek na Black, kipo kituo cha kutazamia nyota kilichoanzishwa mwaka 1820. Waingereza walikijenga kwa shida yao wenyewe. Merikebu zao zilihitaji ramani ya nyota za kusini ambazo hazionekani kutoka London, na manahodha wao walihitaji saa za kuaminika. Hata leo mzinga unaopigwa mchana kule Signal Hill hupokea ishara yake ya saa kutoka kilimani hapo. Mkuu wa kwanza wa kituo, Fearon Fallows, alifariki mwaka 1831 na kuzikwa mbele ya jengo alilolisimamia. Aliyemrithi, Thomas Henderson, hakupapenda mahali pale. Alikaa muda mfupi mno, akajiuzulu na kurudi kwao. Lakini aliondoka na daftari lenye vipimo vya Alfa Kentauri, na ndani ya vipimo hivyo ulikuwamo umbali wa nyota ile, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kulipima kwa nyota yoyote. Akalikalia daftari. Alipokuja kuchapisha matokeo yake mwaka 1839, Mjerumani Bessel alikwisha kumtangulia kwa nyota nyingine. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaokalia majalada, mnaye jamaa yenu katika historia ya sayansi.

Nayasema haya ili isidhaniwe kwamba nakitukuza kituo kile. Kilizaliwa kuwa chombo cha dola, na dola ile twaijua ilikwenda wapi na kufanya nini. Kilichonishangaza ni jambo dogo tu lililofanyika pale miaka mingi baadaye: Jumamosi mbili za kila mwezi, ya pili na ya nne, mlango hufunguliwa kwa umma. Unaingia, unasikiliza mhadhara, kisha kama mawingu yameruhusu unapanga foleni na kutazama.

Nilikwenda mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 26 Mei 2012. Siku iliyotangulia ulikuwa umetangazwa uamuzi juu ya mradi mkubwa wa darubini za redio uitwao SKA, kwamba utagawanywa kati ya Australia na Afrika ya Kusini, na kwamba upande wa Afrika nchi nane zitashirikiana na mwenyeji: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ukumbi mzima ulikuwa na furaha. Mimi niliisoma ile orodha mara mbili. Kaskazini yetu yumo, kusini yetu yumo, magharibi yetu yumo. Sisi hatumo. Sikumlaumu mtu usiku ule, kwa kuwa sikujua ni nani hasa wa kulaumiwa. Lakini mtu aliyekulia katika nchi iliyozoea kujiita kinara wa ukombozi wa kusini mwa Afrika hulisikia jambo kama hilo mwilini.

Tulipanga foleni nje ya jengo la kuba. Mbele yangu alisimama kijana aliyevaa sare za kampuni ya ulinzi chini ya koti lake, na alipozungumza na simu nikatambua Kiswahili cha Kongo. Alikuwa mtu wa Bukavu. Zamu yake ilianza saa nne usiku katika jengo la maduka jirani, na alikuwa ameona watu wakiingia kilimani kila baada ya wiki mbili bila kuulizwa kitambulisho, akaona ajaribu. Tulicheka pamoja kwa hilo. Sisi wawili tulikuwa tumekwishaulizwa vitambulisho mahali pengi sana katika mji ule.

Darubini iliyomo katika kuba hiyo huitwa McClean, kwa jina la Mwingereza aliyeitoa zawadi mwishoni mwa karne ya 19. Ni bomba refu kama mlingoti, na sakafu ya mbao ambayo watazamaji husimama juu yake hupanda na kushuka kwa ukamilifu wake, ili jicho liifuate darubini badala ya mtu kuning'inia kwenye ngazi. Kijana wa Bukavu alitazama kwanza. Alikaa muda mrefu mpaka mwanamke mmoja nyuma yetu akaanza kukohoa. Alipoinuka aliniambia: "Nilikuwa nawaza iko picha. Haiko picha. Inatetemeka."

Nikainama. Ilikuwa Zohali. Niliiona ndogo, ya rangi ya siagi, imekaa katikati ya weusi mtupu na pete yake imeizunguka bila kuigusa. Na kweli ilitetemeka, kwa sababu hewa ya juu yetu haitulii. Picha za vitabuni ni kubwa zaidi na zina rangi nzuri zaidi. Lakini nuru iliyoingia jichoni mwangu ilikuwa imetoka kule dakika sabini na kitu zilizopita, wakati mimi nikiwa bado chumbani nasonga ugali, na ikaja moja kwa moja mpaka kwangu bila kupitia kwa mchapishaji. Nilifundishwa sayari tangu darasa la nne na sikuwahi kuambiwa kwamba zinatazamika.

Usiku uleule nilimpigia simu baba.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha. Alitokea Kilwa Kivinje, akaendesha majahazi ya watu kati ya Kilwa, Mafia, Unguja na Mombasa, na safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa Lamu. Elimu yake ya shule iliishia darasa la pili, ila angani alikuwa msomi. Alihesabu mwaka kwa miongo, kumi kumi tangu Nairuzi, kama walivyohesabu wazee wa pwani kabla ya kalenda za ukutani, na ndani ya miongo hiyo alijua kaskazi itaanza lini na kusi italala lini. Kilimia alikijua kama mtu anavyomjua shangazi yake. Suheli aliitumia kwa upande wa kusini. Nilipomweleza nilichokiona alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza:

"Wamekutoza kiasi gani?"

"Bure, baba."

"Bure kabisa?"

"Bure, baba. Kila mtu."

"Hiyo Zohali yenu," akasema, "ni katika zile nyota zisizo na kwao. Mwaka huu iko hapa, mwaka wa tatu iko kule. Nahodha haifuati, itampoteza." Akanyamaza tena. "Pete kweli?"

"Pete kweli, baba."

"Basi siku moja na mimi unionyeshe."

Nilisema inshallah, kama tusemavyo sote tunapoahidi jambo tusilolijua njia yake.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu mwaka 2014 nikaanza kufundisha. Nchi yetu, niliyodhani haina hamu na mambo haya, ilinisuta mara moja tu lakini vya kutosha. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa na mwezi likabaki duara la moto, na mahali pazuri pa kutazama palikuwa Rujewa, wilayani Mbarali. Nilikwenda na wanafunzi wangu kwa basi la kukodi. Tulikuta umati ambao sijauona katika mkutano wa kampeni usiokuwa na wasanii: wakulima wa mpunga, watoto wa shule, wafugaji, wageni wenye kamera, kina mama waliobeba watoto mgongoni, wote wakipokezana miwani maalumu ya karatasi. Hakuna aliyewalipia nauli. Tangu siku ile sikubali tena hoja kwamba Mtanzania wa kawaida anajali tumbo tu. Hoja hiyo hutolewa sana na watu walioshiba.

Sasa nafika kwenye stoo.

Mwaka 2019 shule moja ya sekondari katika mkoa wetu wa Lindi ilipata darubini kwa msaada wa wahisani. Si kubwa, kioo chake kina upana wa milimita 114, sawa na kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa pete za Zohali, kwa miezi minne ya Mshtarii na kwa mashimo ya mwezi inatosha kabisa. Galileo alifanya kazi yake kwa chombo dhaifu kuliko hicho. Darubini ilipokewa kwa hafla, ikapigwa picha, ikaandikwa katika leja, ikapewa namba kwa rangi nyeupe ubavuni, ikafungiwa stoo. Nilipata habari zake mwaka 2021 kutoka kwa mwalimu wa fizikia wa shule hiyo, kijana niliyekutana naye msibani, ambaye alikuwa hajawahi kuruhusiwa kuitoa hata mara moja.

Nilimwandikia mkuu wa shule mwezi Juni mwaka huo nikiomba usiku mmoja wa kutazama nyota, kwa wanafunzi na wananchi wa jirani. Akanijibu kwa adabu kwamba suala hilo lahitaji kibali cha ngazi ya juu. Ngazi ya juu ikataka barua ipitie kwa mkuu wa shule. Ikapitia. Ikatakiwa orodha ya watakaohudhuria, kana kwamba anga lina viti. Ikatakiwa taarifa kwa polisi kwa kuwa ni mkusanyiko wa usiku. Ikatakiwa maelezo ya "manufaa tarajiwa". Niliandika manufaa hayo katika kurasa tatu na ninaona haya kuzirudia hapa, kwa sababu niliandika kila kitu isipokuwa ukweli, yaani kwamba baba yangu alikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kulia na kwamba la kushoto nalo lilikuwa limeanza kufifia.

Miezi kumi na mitano ilipita hivyo. Kuna rafiki yangu, msomi mwenzangu, aliyenicheka: shule haina madawati ya kutosha, na wewe unahangaika na nyota? Nilimjibu kwamba kama darubini ingetolewa stoo madawati yasingepungua hata moja. Haikuhitaji fungu la bajeti, ilihitaji ufunguo. Na nilimkumbusha kwamba hoteli zetu za mbugani huwauzia wageni utazamaji wa nyota za Tanzania pamoja na chakula cha jioni. Ni mwanafunzi wa Lindi peke yake anayeambiwa angoje madawati kwanza.

Hata hivyo sitaki kumfanya yule mkuu wa shule awe shetani wa hadithi hii. Nilipokwenda kumwona ana kwa ana aliniketisha, akaagiza chai, akanifungulia moyo. "Daktari," aliniambia, "hicho chombo kikivunjika, nitaandikiwa hoja, na nitaijibu mimi, si wewe. Kikikaa ndani miaka kumi, nani ataniuliza?" Nilikosa la kusema. Najua kwamba ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutaja vifaa vilivyonunuliwa vikakaa bila kutumika, lakini taarifa hizo ni za vitu vya mamilioni. Kwa mkuu wa shule ya kata hofu inatoka upande mmoja tu. Mali ya umma kwake ni mali isiyopotea. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba yaweza kupotea ikiwa palepale ndani, imefungiwa kwa kufuli mbili.

Nasi wasomi tunachangia. Katika mihadhara yangu nimekuwa nikifundisha uwajibikaji mwaka hadi mwaka, na nikipitia maelezo yangu naona karibu yote ni juu ya wizi. Juu ya kufuli sikuwa na hata ukurasa mmoja.

Kibali kilikuja Septemba 2022, chenye mihuri miwili. Tulipofungua sanduku tulikuta mchwa wamekula kona ya chini, na kioo kimeota kuvu kwa unyevu wa pwani. Mwalimu wa fizikia hakusema neno. Alikitoa kioo, akakiosha kwa maji ya betri na pamba, taratibu, bila kusugua, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akakiacha kikauke kwa kuegemezwa ukutani. Kilibaki na madoa. Tulipokirudisha na kuielekeza darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali, tuliweza kuhesabu nyaya zake.

Tukachagua Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku chache katika mfungo sita, na Zohali ingekuwa karibu utosini saa tatu usiku. Tuliandaa wanafunzi arobaini. Walikuja watu zaidi ya mia mbili, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda, na mama mmoja aliyekuja kuuza karanga akaishia kupanga foleni na sinia lake kichwani. Taa ya ulinzi ya jengo la utawala ilitutesa. Mlinzi alikataa kuizima kwa kuwa hakuandikiwa. Mkuu wa shule mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye meza na kuifunika kwa gunia. Nalitaja hili kwa haki yake.

Hapo nilikutana na tatizo ambalo sikulitarajia, la lugha. Watu wengi walikuwa wamekuja kusomewa nyota zao. Kwa Kiswahili cha kila siku, na hasa cha magazeti, mnajimu ni yule anayekuambia Jumanne usikopeshe; falaki ni vitabu vya waganga. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama chombo hiki kinahitaji jina la mama. Nikajikuta nikisimama juu ya tofali na kueleza tofauti ya elimu mbili ambazo lugha yetu imeziweka katika nyumba moja. Kisha zikaja sayari. Nilipotaja Zohali, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono na kusema kwamba kaka yake alisoma kwamba yenye pete inaitwa Sarateni. Hakukosea: vimepita shuleni vitabu vilivyoiita hivyo. Vitabu hivyo vilichukua majina ya buruji, yaani makundi ya nyota ya mwaka, Sarateni ya kaa, Kausi ya upinde, Sumbula ya shuke, vikayabandika kwenye sayari kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Mabaharia wa pwani wasingefanya kosa hilo. Lakini mabaharia hawakualikwa kwenye kamati.

Kwa hiyo tukamwalika mmoja. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlingoti wa bendera, kofia kichwani, bakora magotini. Nilimwomba azungumze na vijana huku foleni ikisogea, naye akazungumza zaidi ya nusu saa. Aliwaambia jinsi ya kujua upande bila dira. Aliwaambia kwamba Kilimia kimepata jina lake katika kulima, na kwamba usiku ule kingechomoza karibu saa nne upande ule wa miembe, na anayetaka kupanda vuli asikisubiri kipande juu sana. Wanafunzi ambao dakika chache kabla walikuwa wakikariri kwa Kiingereza mpangilio wa sayari walimsikiliza kimya. Mmoja akaandika. Sikumbuki kama mimi nimewahi kuandika lolote kati ya yale aliyokuwa akiniambia. Nilikuwa nayasikia tangu utotoni, nikadhani yatakuwapo tu.

Zamu yake ilipofika tulimshika mimi na mwalimu, kila mmoja kiwiko. Aliivua kofia. Kwanza alitumia jicho la kulia kwa mazoea, hakuona kitu. Tukamgeuza atumie la kushoto. Akakaa. Sayari zinakimbia katika darubini isiyo na mota, hivyo mwalimu alikuwa akiisogeza kidogo kidogo na kumrudishia.

"Unaiona, baba?"

"Naona punje," akasema. "Punje ya mtama."

"Na pete?"

Akakaa zaidi. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza, na mimi nilikuwa nikijilaumu kwa ile miezi kumi na mitano, nikihesabu kila barua niliyoiacha mezani wiki nzima kabla ya kuijibu. Maana zimo na zangu.

"Pete sioni," akasema hatimaye. "Ina masikio."

Watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mwaka 1610 Galileo alipoielekeza darubini yake kwa Zohali hakuona pete. Alidhani ni nyota tatu zilizokaribiana. Miaka michache baadaye aliichora ikiwa na kitu mfano wa masikio mawili ubavuni. Ilichukua mpaka mwaka 1659 Huygens alipochapisha maelezo kwamba ile ni pete moja, bapa, isiyoigusa sayari popote. Nahodha wa Kilwa Kivinje, kwa jicho moja lililochoka na kioo chenye madoa ya kuvu, aliona sawasawa alichokiona Galileo na akakiita kwa jina lilelile. Nilimweleza njiani tukirudi. Aliuliza huyo Galileo alikuwa nahodha wa wapi.

Kilimia kilichomoza alikosema, juu ya miembe, na watu wakageuka wote kwa pamoja kukitazama, bila darubini.

Baba alifariki mwaka uliofuata, ndani ya Ramadhani. Sitaandika juu ya hilo.

Nimeyakumbuka yote haya kwa sababu mwezi uliopita mwalimu wa fizikia aliniandikia. Mkuu wa shule yule amehamishwa. Aliyekuja ameikuta darubini katika leja na akauliza kwa nini imekuwa ikitolewa. Usiku wa mwisho kabla ya ufunguo kurudishwa ofisini, mwalimu aliwatoa wanafunzi wa bweni kumi na wawili wakaitazame Zohali. Kwa miaka mitatu amekuwa akiwasimulia juu ya mzee na masikio. Lakini mwaka 2025 pete zilituelekea kwa ukingo, kama inavyotokea kila baada ya miaka kumi na mitano hivi, na kwa kuwa ni nyembamba mno zilibaki mstari ambao darubini ndogo kama ile huuonyesha kwa shida. Binti mmoja alitazama kwa muda mrefu, akainuka, akasema mzee alituongopea, haina masikio.

Mwalimu alimweleza kwamba hata Galileo mwaka 1612 aliyatafuta asiyaone, akapigwa na bumbuwazi, na baadaye yakarudi. Binti akauliza yatarudi lini. Akaambiwa yatakuwa yakifunguka mwaka hadi mwaka, na kwamba mwakani tayari yataonekana.

Nimemwandikia mkuu mpya. Nimeambatisha kile kibali cha mwaka 2022 chenye mihuri miwili, orodha ya wanafunzi kumi na wawili, na safari hii katika sehemu ya manufaa tarajiwa nimeandika sentensi moja tu, juu ya yule binti. Barua ilipokelewa tarehe 6. Bado sijajibiwa.